Hatua Moja, Sababu Mbili

Sisi tuliozaliwa Uvira kabla ya uhuru wa Kongo, tarehe 30 Juni 1960, tumebaki wachache. Tukikutana Kalundu au Kasenga, kwenye mazishi au kwenye harusi, jicho huhesabu kabla mdomo haujasalimu: nani yupo, nani hayupo, nani ametuma mtoto amwakilishe. Mwaka 1964, uasi ulipofika hapa, tuliipanda milima tukiwa tumeshika pindo za vitenge vya mama zetu. Mwaka 1996, vita vilipokuja, tuliipanda tena, na safari hiyo sisi ndio tuliobeba watoto. Usiku ule wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipoacha njia yake na kuingia majumbani na mawe na magogo, tulikuwa tumekwisha kuwa wazee wa kushikwa mkono. Siyasemi haya ili nihurumiwe. Nayasema kwa sababu kila tuliporudi tulianza na kazi ileile: kuhesabu. Nyumba ngapi zimesimama, kisima kipi kinafaa, nani alionekana wapi mara ya mwisho. Kizazi chetu kimehesabu sana, na kimehesabu kwa miguu.

Nilifundisha jiografia na hesabu miaka 34. Mjukuu wangu anasoma uhandisi wa kompyuta, na likizo iliyopita alikaa nami barazani akanieleza jambo linalomshughulisha shuleni kwao. "Tate," aliniambia, "kuna wataalamu wanaochunguza ulimwengu pepe, yaani zile dunia zilizojengwa ndani ya kompyuta, ambamo watu maelfu huingia kwa pamoja kupitia mtandao, wakatembea, wakauziana, wakapigana, wakafanya urafiki. Wahandisi wanakaa meza moja na watu wa sayansi ya jamii." Alinieleza polepole na kwa heshima, kama inavyompasa kijana anapomweleza mzee jambo la mbali. Nilimsikiliza hadi mwisho. Kisha nikamwomba anipe kisa kimoja kamili, maana nadharia mimi huielewa nikishamwona mtu ndani yake.

Akanipa kisa cha Septemba 2005. Katika mchezo uitwao World of Warcraft, uliotengenezwa na kampuni ya Blizzard ya Marekani, waundaji waliweka ndani ya hekalu moja adui mkubwa aliyewaambukiza waliopigana naye ugonjwa wa damu. Ugonjwa huo ulikusudiwa uishie humohumo hekaluni. Lakini kanuni za programu zilikuwa na tundu: wanyama waliofuatana na wachezaji waliubeba, na walipoitwa tena mijini wakautoa nje. Wachuuzi wa masokoni, ambao hawakuwa watu bali viumbe vya mashine, nao wakaubeba bila kufa na kumwambukiza kila mnunuzi. Wachezaji wapya walikufa mara waliposogea. Miji ya mchezo ikajaa mifupa. Kampuni ilijaribu kuwatenga wagonjwa, watu hawakutii, na mwisho wahandisi walilazimika kuiandika upya kanuni ili ugonjwa uishe. Mwaka 2007 wanasayansi wawili, Eric Lofgren na Nina Fefferman, waliandika juu yake katika jarida la kitabibu la The Lancet Infectious Diseases, wakisema kwamba dunia ya mchezo inaweza kutufundisha juu ya magonjwa ya dunia hii, kwa kuwa ndani yake wamo watu wa kweli wanaoamua mambo yao wenyewe. Waliona waliokimbilia kuwatibu wengine, waliotoroka, wachache waliosambaza ugonjwa kwa makusudi, na wengine walioingia katika mji wenye ugonjwa ili waone kuna nini, kisha wakatoka nao. Hawa wa mwisho, alisema mjukuu wangu, ndio walioshangaza, kwa sababu katika hesabu za magonjwa hakuna aliyekuwa amemfikiria mtu anayeliendea janga kulitazama.

Nilinyamaza kidogo. Mambo hayo nilikuwa nimeyaona, na si katika mchezo.

Mwaka 1978 kipindupindu, kolera kama tunavyoiita hapa, kilifika katika mwambao wetu kikifuata Ziwa Tanganyika. Sisi tulikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Walimu tuliojua kuandika kwa haraka tulipewa madaftari tukakaa mlangoni mwa mahema ya wagonjwa: jina, umri, avenyu, siku ugonjwa ulipoanza, maji yamechotwa wapi. Nakumbuka harufu ya klorini iliyoingia hata katika karatasi, na wino uliochujuka kwa sababu mikono yetu haikukauka. Mgonjwa aliletwa kwa machela ya miti, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiivuta haikurudi mahali pake. Akiwahi serumu, kesho yake aliketi akaomba uji. Akichelewa, hakumaliza usiku. Nje ya kamba walisimama watu, wala hawakuwa wachache. Tuliwafukuza asubuhi, jioni wakarudi. Walileta bugali, walileta vitenge, waliomba waingie wamguse ndugu yao. Mganga mmoja kutoka nje ya nchi aliniuliza kwa Kifaransa: hawa wanataka kuona nini? Nilijaribu kumjibu na sikuweza. Leo ningemwambia kwamba hawakuja kuona. Kwetu mtu hawezi kulala mgonjwa peke yake kama mbwa wa barabarani. Asiyefika kumjulia hali ndugu yake, hata akiwa na sababu ya afya, atakumbushwa siku ya msiba wake mwenyewe, kwa maneno au kwa viti vitupu.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka kuwaambia vijana wetu, na nalisema nikiwa nimelipima. Mashine inaona hatua. Inamwona mtu akimwendea mgonjwa, inaandika saa na umbali, na inaandika kwa uaminifu kuliko sisi na madaftari yetu. Yule aliyeingia katika mji wa mchezo na yule mama aliyesimama nje ya kamba mwaka 1978 wangeonekana kwenye kompyuta kama vinukta viwili vinavyosogea upande mmoja. Lakini wa kwanza alisukumwa na udadisi, na wa pili alisukumwa na deni la udugu. Hatua ni moja, sababu ni mbili. Ukitaka kumzuia wa kwanza, huenda neno la onyo likatosha. Ukitaka kumzuia wa pili, itabidi umpe njia nyingine ya kulipa deni lake: umruhusu mtu mmoja wa ukoo aingie kwa niaba ya wote, anawe, atoke, aeleze. Sisi tuligundua hivyo baada ya wiki nyingi, kwa kubahatisha, na kwa kuwasikiliza kina mama. Hatukuwa na jina la sayansi hiyo.

Na tulikosea pia. Nilikuwa nimepewa avenyu zangu, nikazipita nyumba kwa nyumba, na daftari langu likasema kwamba ufukweni hakuna mgonjwa hata mmoja. Daftari lilisema kweli juu ya nyumba, ila wavuvi hawakuwa na nyumba. Walilala kwenye mchanga chini ya maturubai, usiku walikuwa ziwani na taa zao wakitafuta ndakala, mchana mimi nilipopita walikuwa wamelala, nami nikaona haya kuwaamsha. Siku ya sita waliletwa watano kwa mtumbwi mmoja. Wawili walikuwa wamekufa njiani. Nimebeba hesabu hiyo hadi leo. Kijana anayejenga mji ndani ya kompyuta aijue: kila dunia iliyoandikwa, iwe kwa kalamu au kwa kanuni za programu, inao watu wake waliosahauliwa, na mara nyingi ni wale wanaoishi kwa saa tofauti na za mwandishi.

Wengine watasema kwamba utengano wa wanaopima vitu na wanaosikiliza watu umeletwa na kompyuta. Sivyo. Sisi tuliukuta. Wabelgiji walipoanzisha taasisi yao ya utafiti wa Afrika ya Kati, IRSAC, mwaka 1947, makao yake makuu yakiwa Lwiro huko juu karibu na Bukavu, waliligawa somo kwa vituo. Uvira tukapewa maji: hapa walikaa watu wa samaki, wa konokono na wa kina cha ziwa, akiwemo Georges Marlier katika miaka ya 1950. Sayansi ya watu ikapelekwa Astrida, mji ambao leo ni Huye nchini Rwanda, chini ya Jacques Maquet. Ziwa likasomewa huku, na binadamu akasomewa kule, ng'ambo ya bonde la Ruzizi na milima yake. Kazi za vituo vyote viwili zilikuwa kubwa, na kituo cha Uvira, kinachoitwa leo Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia, kimeendelea kushikiliwa na watu wetu wenyewe katika miaka ambayo mshahara ulikuwa hadithi. Nawaheshimu kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini nilipokuwa kijana nilijiuliza mara nyingi kwa nini yule anayejua samaki anakokwenda usiku asikae na yule anayejua kwa nini mvuvi humfuata.

Ilichukua karibu nusu karne. Mwaka 1995 ulipoanza mradi wa bioanuwai ya Ziwa Tanganyika, ulioziunganisha nchi zote nne za pwani yake, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, waliotafiti mashapo na uchafuzi na uvuvi waliwekewa pembeni yao kundi la kuchunguza maisha ya watu: wanakula nini, wanauza nini, kwa nini wanakata miti ya mteremko huku wakijua udongo utashuka ziwani. Mradi ulikwenda hadi mwaka 2000, katikati ya vita vyetu, na tunda lake mojawapo ni mkataba wa kulitunza ziwa uliotiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003. Kilomita 673 za maji, kina kinachofika mita 1,470, na bado ilibidi mtu amuulize mama wa Kalundu anapika kwa kuni za wapi.

Mfano ulio karibu zaidi na moyo wangu ni wa bomba. Mtambo wa maji wa mji huu hunywa kutoka Mulongwe, na kila siku wahudumu wake huandika maji yaliyosukumwa mjini. Katika hospitali kuu nako huandikwa kila anayelazwa kwa kuhara kunakodhaniwa ni kolera. Daftari la fundi na daftari la muuguzi yalikaa miaka na miaka bila kujuana. Watafiti waliokuja, Aurélie Jeandron na wenzake wa chuo cha afya cha London, waliyaweka madaftari hayo mawili meza moja, siku kwa siku, kuanzia 2009 hadi 2014, na mwaka 2015 wakatangaza walichokiona. Baada ya siku moja isiyo na maji ya bomba, wagonjwa waliolazwa katika siku 12 zilizofuata walifikia mara mbili na nusu ya wale wanaofuata siku yenye maji ya kutosha. Katika kila wagonjwa mia, takriban 23 walihusishwa na upungufu wa maji kwenye mabomba. Na mitaa iliyozoea maji ya bomba ndiyo iliyoumia zaidi maji yalipokatika.

Jambo hili la mwisho nimelitafakari sana. Mhandisi angedhani kwamba mwenye bomba yuko salama kuliko asiye nalo. Lakini sisi tunaoishi hapa tunaijua asubuhi ya robine kavu. Bidoni za manjano zinapangwa foleni tangu saa kumi za usiku, kila moja imefungwa kitambaa ili mwenyewe aitambue. Jua likichomoza bila tone, foleni inavunjika kimya kimya, na wasichana wanateremka ziwani. Mama aliyezoea bomba hana dawa ya maji nyumbani, hana mtungi wa kutulizia matope, hana jirani wa kisima. Mazoea mema yamemwondolea tahadhari ya zamani. Hesabu za kompyuta zilionyesha alama ya jambo hilo, ila maana yake iko kwenye bidoni.

Narudi kwa ulimwengu pepe, maana mjukuu wangu hakutaka niukimbie. Alinipeleka mahali vijana wanapocheza mpira wa kompyuta, chumba cha mbao kando ya barabara kuu, jenereta nje, runinga mbili ndani, benchi moja ya ubao. Niliomba ruhusa nikakaa saa nzima bila kusema. Kwa macho ya mzee mwenye haraka, pale pana watoto wanaopoteza muda. Nilichoona ni sheria. Aliyefungwa huinuka bila kuambiwa. Asiye na hela huchezewa na mwenzake, na deni huandikwa kwa chaki nyuma ya mlango, likiwa na jina la timu badala ya jina la mtu ili asiaibike. Umeme wa jenereta ulipokatika katikati ya mechi, waliafikiana matokeo kwa kuwaweka mashahidi wawili, kama tulivyofanya sisi kwenye mashauri ya mipaka ya mashamba. Yule kijana mdogo aliyekuja mjini na familia yake wakikimbia vita vya milimani, ambaye mtaani huitwa kwa kabila lake, pale aliitwa kwa namba ya jezi yake. Nani atakayeyachunguza haya? Mhandisi peke yake ataniambia mchezo unakula umeme kiasi gani na mkono unakwenda kwa kasi gani. Mtu wa sayansi ya jamii peke yake ataandika juu ya deni la chaki, lakini hatajua kwamba mashine yenyewe imepangwa kumrahisishia aliyezidiwa au la, na kwamba jambo hilo hubadilisha ugomvi wa wachezaji. Wote wawili waje, na waje na subira.

Waje pia kwenye simu zetu. Enzi zetu uvumi ulikuja kwa mguu, nao ulichoka njiani. Mtu aliyesikia Kiliba kwamba Sange imeungua alifika Uvira jioni, na kabla hajasema tulikuwa tumeshauona uso wake, tukajua kama ni mwongo, mwoga au mkweli. Leo sauti ya dakika moja inafika simu elfu kabla chai haijapoa, haina uso, na wakati mwingine inataja kabila la jirani yako. Nimeona watu wakifunga milango kwa sababu ya sauti iliyorekodiwa mahali wasipopajua, na nimeona vijana wa bonde hili, Wafuliiru, Wavira, Wabembe, Warundi na Wanyamulenge, wakiacha kusalimiana wiki nzima kwa ajili yake. Kuufuata uvumi huo ulikopita ni kazi ya mhandisi. Kuelewa kwa nini neno fulani linauma hapa na haliumi Kisangani ni kazi ya mtu aliyeketi na wazee wa pande zote. Kizazi changu kilizika watu kwa sababu ya maneno. Sisemi hili kwa sauti ya juu, nalisema tu ili lijulikane kwamba tunaposikia "pepe" hatudhani ni kitu chepesi.

Vijana wetu wana chombo ambacho hatukukiota. Wanaweza kuijenga Uvira ya pili ndani ya kompyuta, wakaifurisha Mulongwe yake mara mia bila kuzamisha mtoto, wakaifungia maji na kuona nani ataugua kwanza. Laiti tungekuwa na mji kama huo wa kujaribia mwaka 1978, ningekuwa nimeukuta ufukwe wake una watu wanaolala mchana. Ninawaonea fahari. Ninachowaomba ni kwamba wasiijenge wakiwa peke yao, na wasitungojee tuwafuate kwenye vyumba vyenye feni. Wareko, wale wahamasishaji wa afya wa mitaani, wapo, mashefu wa avenyu wapo, kina mama wa foleni ya robine wapo, na wazee wachache tuliobaki tupo, tukiwa na kumbukumbu ambazo hazimo kwenye daftari lolote.

Juzi jioni mjukuu wangu alifungua kompyuta mbele yangu. Alikuwa ameweka ramani ya mtaa wetu: mistari ya bluu ya mabomba, miraba midogo ya mapaa aliyoyachora kutoka picha ya setilaiti, mamia kwa mamia, kazi ya usiku mwingi. Akaniuliza, maji yakikatika watu wanashukia wapi ziwani. Nikamwonyesha kijia cha kwanza, na cha pili kando ya mtaro. Cha tatu alisita. "Hapo haiwezekani, Tate, pana nyumba." Nikamwambia hata nyumba hiyo naijua, ni ya mjane mmoja, na watu hupita uani kwake, mlango huu waingia, mlango ule watoka, kwani lango lake la nyuma halijafungwa mchana tangu mwaka wa kolera. Alichora mstari ukakata paa la nyumba katikati. Kisha akaondoa mkono kwenye kompyuta, akachukua daftari la karatasi, akaniuliza kwa nini yule mama hafungi.